Mbwa Wasiobweka

Juzi, kwenye benchi la hospitali moja hapa Dodoma, nilimsikia daktari akimweleza mfugaji mzee mwenye saratani ya mapafu kwamba Ulaya wanajaribu kuufundisha mwili uishambulie saratani wenyewe.

“Mwili una askari wake, babu, ila saratani hawaishtukii. Imetokea humohumo mwilini.”

Mzee akashika kifua. “Kama mbwa wa zizini. Mwizi akiwa mtoto wa nyumbani, hawabweki.”

“Ndivyo hasa.”

“Mitumba inaletwa, redio zinaletwa. Huyo wa kuwaamsha mbwa wangu mbona haletwi?”

Daktari akafunga faili polepole. Mimi nusu ya maelezo yake sikuyaelewa, ila tangu siku hiyo nikikohoa natega sikio, nisikie kama kuna kinachobweka.