Bi Mwanamwema Ajitoa Mzima Mzima

Tangu astaafu kazi ya kufua mashuka ya hospitali, Bi Mwanamwema wa Wheaton amebaki na kazi moja tu, tena hailipwi. Kila Jumamosi hufungua ukumbi mmoja karibu na stesheni ya treni, akawapikia wazee wapweke na wageni waliofika Marekani juzi juzi. Watu wengine wanaojitolea hujitolea kimya kimya. Huyu hujitolea kwa sauti. Kitunguu kikikatwa kinene, ukumbi mzima utajua nani amekikata na mama yake alimlea vipi.

Ametoka Lamu miaka mingi iliyopita, lakini ukimsikiliza utadhani ametoka jana na Lamu ikafungwa nyuma yake. Hakuna samaki kama wa Lamu, hakuna halua kama ya Lamu, hata jua la Maryland analiona ni la mtumba. Mumewe, Mungu amrehemu, alikwenda zake zamani. Binti yake, Layla, anakaa Gaithersburg, mwendo wa nusu saa, lakini anavyoisimulia foleni ya barabara ya 270 utadhani anavuka jangwa. Kwa hiyo siku za kawaida simu ya Bi Mwanamwema hulala tu mezani. Jumamosi ndiyo siku ambayo watu humngoja mlangoni, kwa sababu ufunguo anao yeye. Tusidanganyane, ufunguo ule ndio uliokuwa ukimtoa kitandani.

Anaofanya nao kazi ni vijana watupu. Mkuu wao ni Genoveva, nesi kutoka Moshi, mwanakwaya, mtoto mwenye adabu zake na machozi ya karibu. Yuko Jelani, Mmarekani mweusi wa Greenbelt aliyejifunza Kiswahili chuoni, anayekisema polepole kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mtu mzima mwingine ni mmoja tu: Badawi, Mzanzibari mwenye gari kubwa la abiria na uvivu wa kuzaliwa nao.

Ugomvi ulianza kwa nanasi. Bi Mwanamwema alitoka kidogo kupokea simu, na kurudi akamkuta Genoveva anamimina vipande vya nanasi ndani ya pilau. Ndani ya sufuria! Si pembeni, si kwenye sahani!

"We mwana we! Hii ni pilau au Hawaii?" alifoka, akampokonya mwiko mbele ya kadamnasi.

Genoveva alikwenda kulia chooni. Jelani, ambaye katika maneno yote yale alidaka moja tu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Hawaii! Bibi anapenda Hawaii!"

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe wa Genoveva kwenye grupu la simu: "Shikamooni. Jumamosi hii hatupiki. Tunaenda bichi kumsherehekea mama yetu Bi Mwanamwema kwa kujitoa kwake. Wote tuvae Kihawaii."

Bi Mwanamwema aliusoma kwa miwani, akausoma bila miwani, akakifuta kioo cha simu kwa ncha ya leso akausoma tena. Kwa kujitoa kwake! Kwa mtu wa Lamu, kujitolea ni kufanya kazi bila malipo. Kujitoa ni kuondoka. Mtu hujitoa kwenye kesi, hujitoa kwenye upatu, hujitoa kwenye ubia ukianza kunuka. Yeye hakujitoa popote. Basi hapo hapana ila anatolewa, tena kwa sherehe, tena kwa Hawaii ile ile aliyomsimanga nayo mtoto wa watu. Ingekuwa ni Jelani aliyeandika angesema mtoto kakosea neno. Lakini Genoveva Kiswahili kazaliwa nacho, hana kisingizio.

Iliuma jamani. Alikaa kwenye kochi akalia kwa hasira, kisha akalia kwa woga, maana alijiona Jumamosi zote zilizobaki amekaa pale pale, ameiangalia simu nayo inamwangalia. Akampigia Layla.

"Wananitoa, mwanangu!"

"Mom, it's a beach day," Layla alijibu. "Just go."

"Nimemzaa mwenyewe," Bi Mwanamwema aliuambia ukuta. "Nikimwambia nyumba inaungua, ananijibu habari za hali ya hewa."

Alasiri ile akajitoa kwenye grupu, wamwone. Dakika si dakika, Jelani akamrudisha. Akajitoa tena. Akarudishwa tena, na maneno juu: "Bibi anabonyeza kwa bahati mbaya." Mara ya tatu Jelani alimpigia simu kabisa, akamweleza taratibu, silabi kwa silabi, kwamba kile kitufe chekundu si cha kugusa. Bi Mwanamwema alikasirika hadi akasema ahsante. Hebu fikiria, mtu umekasirika kwa moyo wako wote, na wanaokukasirisha wanadhani ni vidole vya uzee!

Ndipo alipokata shauri. Atakwenda huko Hawaii kwao. Na kabla hawajamtoa, atajitoa yeye mwenyewe, kwa maneno ambayo watayakumbuka mpaka wazeeke nao.

Jumamosi, Badawi alikuja kumchukua amevaa shati lenye kasuku kifua kizima.

"Badawi, na wewe umo?"

"Nimo wapi?"

"Katika kunitoa."

"Mimi nimeambiwa nitoe gari tu, Bi Mwanamwema," alisema Badawi, akawasha injini.

Sasa hiyo Hawaii yenyewe. Ilikuwa ufuo mwembamba wa Ghuba ya Chesapeake, maji rangi ya chai iliyokaa, na bango la kuonya watu kuhusu vidude vya majini vinavyowasha. Vijana walikuwa wamevaa sketi za nyasi za plastiki juu ya kaptula. Muziki wa gitaa dogo ulitoka kwenye spika. Na katikati ya hayo yote, Jelani alikuwa amepiga magoti akipuliza mnazi. Mnazi wa plastiki! Anaupuliza kwa mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, mnazi unainuka kidogo unalala, unainuka unalala.

"Aloha, Bibi! Ka-ri-bu pwa-ni!" alisema alipopata pumzi.

Kumkaribisha pwani mtu wa Lamu, kwa mnazi wa kupuliza! Bi Mwanamwema alivishwa koja la maua ya plastiki juu ya buibui, akaketishwa kwenye kiti cha kukunja, akapewa dafu la dukani lililotobolewa na kutiwa mrija. Akaonja. Dafu lilikuwa limekufa zamani. Akalishika vile vile mapajani, kwa sababu maneno aliyokuwa ameyaweka akiba hakutaka kuyapoteza kwa dafu.

Kisha Genoveva akaleta keki, amejaa tabasamu. Juu ya keki, kwa krimu ya kijani: ASANTE KWA KUJITOA. Na kuzunguka maneno yale, vipande vya nanasi.

Nanasi! Hata kwenye kumfukuza mtu, nanasi!

"Mama, sema neno," Genoveva alisema.

Bi Mwanamwema alisimama. Akafungua fundo la leso yake, akautoa ufunguo wa ukumbi, akauinua juu watu wote wauone. Mnazi ulikuwa umesimama sasa, umepinda upande. Alianza kwa sauti ya upole, na wanaomjua wanajua kwamba upole wake ndio wa kuogopwa.

"Bismillahi. Nashukuru kwa Hawaii yenu. Mimi sikuja hapa kubembeleza mtu. Mmetaka nijitoe, nami nimesikia. Basi leo, mbele yenu nyote na mbele ya Mungu wangu, najitoa. Tena najitoa mzima mzima, sibakishi kitu. Sufuria ni zenu, mwiko ni wenu, ufunguo huu hapa. Na nanasi lenu litieni mtakako. Mwanamwema hana tena la kusema."

Akangoja. Alitaka waone haya. Alitaka, kusema kweli, mmoja wao apige magoti amwambie usituache.

"Amina!" Genoveva alipiga ukelele. "Amina, Mama, amina!" Akamrukia kifuani, akalia juu ya maua ya plastiki. "Umejitoa mzima mzima! Na umenisamehe! Nilikuwa silali kwa lile nanasi!"

Vijana wakapiga makofi na vigelegele. Jelani, machozi yakimlenga, akawatafsiria wenzake wasiojua Kiswahili kwamba Bibi amejitolea maisha yake yote yaliyobaki, na nanasi ameruhusu. Makofi yakaanza upya. Genoveva akauchukua ule ufunguo, akaufunga kwenye koja, akaurudisha shingoni mwa mwenyewe. "Huu ni wako, Mama. Nani mwingine aushike?"

Bi Mwanamwema amewatukana, wamemshangilia. Amewaaga, wamemkumbatia. Alipopata fahamu alimfuata Badawi, aliyekuwa amejikinga jua chini ya mnazi wa plastiki, sahani ya keki mkononi.

"Badawi! Kuna nini hapa?"

"Genoveva ni mtu wa bara, tena wa kwaya," alisema Badawi, anatafuna. "Kwao kanisani kujitoa ndiyo kujitolea kwa moyo wote. Kila Jumapili wanajitoa, na hakuna hata mmoja anayeondoka."

"Nawe ulijua?"

"Tangu ule ujumbe ulipoingia."

"Ukaniacha! Ukaniacha nilie siku tatu, nije nisimame mbele ya watu na..."

"Uliniuliza?" Badawi aliweka sahani chini. "Uliingia garini ukanishtaki. Wewe Bi Mwanamwema mtu humsikii mpaka umalize kumjibu. Yule binti wiki mbili anatafuta pa kukuomba radhi, hukumpa hata upenyo wa sindano. Ndiyo maana akaomba radhi kwa keki."

Kumbe hakuna aliyemfukuza! Furaha ilimjaa mpaka akatamani kumpiga mtu. Aibu nayo ikaja nyuma yake, maana alikumbuka ile sauti ya chooni, na jinsi alivyoisikia akaendelea kukoroga sufuria. Aliketi kwenye mchanga, koja shingoni, akatazama maji yale ya rangi ya chai mpaka Genoveva akamletea kipande cha keki. Alikula. Akala na nanasi.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, kando ya Badawi. Wengine walikuwa nyuma, wamechoka, sketi za plastiki zikichakarika kila gari likikata kona. Mara Genoveva akainamisha kichwa katikati ya viti.

"Mama, kwa vile umeruhusu. Jumamosi nije na mananasi mangapi?"

Badawi aliiangalia barabara kwa bidii ambayo hajawahi kuiangalia nayo. Bi Mwanamwema aliushika ufunguo. Angeweza kusema ukweli wakati ule. Angesema: mwanangu, mimi sikuruhusu nanasi, mimi nilikuwa nawatupa nyinyi nyote baharini. Na hapo angeulizwa kwa nini, naye angelazimika kuwaambia kwamba alikuja kwenye sherehe yake mwenyewe na tusi ndani ya leso.

"Moja," alisema. "Tena dogo."

Badawi alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua. Bi Mwanamwema alimkata jicho, kisha akatoa simu. Kwenye grupu alikuwamo bado, Jelani alikuwa amehakikisha hilo. Kile kitufe chekundu kilikuwa pale pale. Alikitazama, akakiacha. Akavaa miwani, na kwa kidole kimoja akaandika ujumbe, akijisemea moyoni kwamba safari hii lazima wamwelewe: "Jumamosi saa mbili kamili. Atakayechelewa ajitoe."

Simu zikalia pamoja huko nyuma.

"Amina, Mama," akasema Genoveva.