Toka, Uingie Tena

Nilikuwa nimekaa Segese kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mke wangu alibaki Didia na shamba, nami nilipanga chumba karibu na mialo, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, nikitengeneza mizani za kielektroniki na kompyuta za wenye mialo. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na masomo niliyoyapakua mtandao ulipokuwa na nguvu. Kampuni moja ya teknolojia ilipotangaza kwamba inatafuta msimamizi wa mfumo wake wa simu, ule wa kuandikisha mizigo ya mawe inayoingia mialoni, na kwamba kituo cha kazi ni Shinyanga mjini, niliona jambo moja tu: kutoka Shinyanga ningeweza kulala nyumbani kwangu kila siku.

Mke wangu aliuliza kama amwite fundi wa lango la zizi lililoanguka, au anisubiri mimi. Nilimwambia asubiri.

Siku ya usaili tuliambiwa tufike ofisini kwao mjini saa mbili asubuhi. Wasaili walifika jua likiwa utosini, wamebeba chipsi na kuku kwenye mifuko, wakapita mbele yetu bila salamu, wakaingia kula. Sisi tulikuwa tumepangwa kwenye benchi la ukumbini, chini ya maandishi makubwa ya rangi yaliyosema kwamba hapa sisi ni familia moja. Feni ya chumba cha usaili ilikuwa imekufa, kwa hiyo mlango uliachwa wazi, na harufu ya kuku ikatufikia, na baadaye maneno pia.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana mcheshi kutoka Geita. Alitoka akitabasamu, akatuinamia kama mtu anayegawa siri ya mgodi. Alisema bosi anapenda kuamkiwa.

"Mpeni shikamoo, hata nyie wazee wangu. Shikamoo haina kodi."

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, nikidhani ni utani. Bosi mwenyewe nilikuwa nimemwona akipita. Alikuwa rika la mwanangu wa kwanza, kama hakuwa mdogo zaidi.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Kishapu. Asubuhi, nilipofika, nilimwamkia bila kufikiri, maana alinizidi umri waziwazi, naye alinijibu "Marahaba, mdogo wangu," akanisogezea nafasi. Tulizungumza juu ya mvua na pamba, nikasema, benchi zima likisikia, kwamba naitaka kazi hii ili nirudi kwangu Didia. Aliniambia anawalea wajukuu, na kwamba kompyuta alijifunza kwa mwanawe. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi vizuri. Akaitwa, akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati.

Tukamsikia sote.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mzee wangu. Kaa."

Marahaba na mzee wangu, katika pumzi moja, kutoka kinywa kimoja. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa maziwa nusu kikombe ndipo akahisi nzi ulimini. Nilimtazama kijana wa Geita; alikuwa anatazama viatu vyake. Ndani walimuuliza mwalimu maswali mepesi, kisha msaili mwingine akataka kujua kama anajua kucheza muziki, kwa kuwa kampuni hufanya sherehe kila Ijumaa. Wakacheka. Mwalimu naye alicheka, lakini alichelewa kidogo kuanza na akachelewa kidogo kuacha. Alipotoka hakurudi kwenye benchi. Alipita moja kwa moja hadi uani.

Nikaitwa mimi.

Mezani kulikuwa na mifupa ya kuku juu ya karatasi, na chini ya madoa ya mafuta nilitambua kwamba ni barua za maombi yetu. Bosi aliegemea kiti, akangoja.

"Habari za mchana," nilisema.

"Wenzako wote wameniamkia, mzee wangu."

"Nimewasikia."

Akatabasamu. Maswali yakaanza. La kwanza lilikuwa namna ya kutunza taarifa mtandao unapokatika. Nilieleza ninavyofanya mialoni. La pili lilihusu chombo ambacho sikuwahi kukisikia hata jina, nikasema sikijui. Msaili wa kike aliandika kitu. Mpaka hapo usaili ulikuwa usaili, na kama wangenikataa kwa swali lile la pili nisingekuwa na neno. Kisha bosi akauliza kama nitaweza kuongozwa na mtu niliyemzidi umri.

"Mialoni naongozwa na vijana kila siku," nilimjibu. "Asubuhi wananiamkia, halafu wananipa kazi, naifanya."

Hakukasirika. Ningependa kama angekasirika. Alifuta vidole kwa karatasi, akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto:

"Basi tuanze upya. Toka, uingie tena, uingie kama mtu anayetaka kazi."

Nilitoka. Pale ukumbini walikuwa wamesikia yote. Kijana wa Geita alinishika mkono, safari hii bila utani.

"Baba, ni neno moja tu. Litamke, urudi kwenu Didia."

Nilisimama pale. Nilifikiria lango la zizi, na ng'ombe waliofungiwa kwa miiba. Kwetu neno lile mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba ya ndama, na hufundishwa pia ni nani wa kumpa. Mlango ulikuwa wazi. Bosi alikuwa amenigeuzia uso, anangoja kulipokea.

Nikaenda uani.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye bomba, ananawa mikono, ingawa hakuwa amekula kitu. Niliona vema kumuaga kama nilivyomkuta.

"Shikamoo, mwalimu."

Maji yaliendelea kutiririka. Alijua nimetokea wapi na nimesikia nini. Alifunga bomba, akajipangusa kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Salama tu, bwana," alisema.

Sikuwahi kuamkia mtu mzima akanijibu hivyo. Akashika njia ya stendi peke yake, nami sikumfuata.

Jioni, nikiwa Segese, nilimpigia mke wangu nikamwambia amwite fundi.