Mchanga Juu ya Drifti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Wilaya alinikabidhi koleo na kunipeleka kwenye drifti, yaani sakafu ya zege inayovuka korongo, ambayo maji hupita juu yake badala ya chini. Nilikuwa nyapara mpya wa barabara ya kwenda Ulemo, na sikuelewa koleo lina kazi gani mahali pakavu vile.

"Kijana, mimi nimesoma nchi ya theluji," akasema. "Kule miji hutenga fedha, chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani na magari kabla theluji haijaanguka. Theluji yetu ni huu mchanga unaoletwa na maji ya korongo. Ukisubiri mvua inyeshe ndipo uombe dizeli, umeshachelewa."

Basi kila mwaka, kabla ya mvua, tulizibua makalavati, tukaweka akiba ya dizeli ya greda na kuwapangia vibarua zamu. Mvua ikikatika alfajiri, saa nne drifti ilikuwa safi. Hakuna gari lililokwama pale. Nilijivunia, sifichi.

Baada ya miaka mingi Mhandisi yule akahamishwa. Aliyemfuata alipekua mafaili, akanitazama kama mwizi.

"Mzee, barabara hii haijawahi kufungwa. Sasa fedha za dharura tunaziombea nini?"

"Haifungwi kwa sababu tunaisafisha, bosi."

"Mwaka huu msiiguse. Ikifungwa, piga picha, niletee."

Nilitoka ofisini nimechanganyikiwa. Niliogopa kumbishia.

Mvua ya kwanza ilileta mchanga wa kufika magotini. Vibarua walikaa kivulini na makoleo yao, wakinitazama. Nilipotoa simu nipige picha, gari la wagonjwa likaingia, likazama. Ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu. Tulichimba, tukasukuma kwa mabega. Mama alipona. Mtoto hatukumwahi.

Picha ile ilileta fedha zote tulizoomba, nami nikapewa barua ya pongezi. Miaka yote ya drifti safi sikupata hata moja. Nimestaafu nayo, iko kabatini, na mpaka leo sielewi nilipongezwa kwa lipi. Ninyi mnaoanza kazi sasa, mkielewa, mje mnieleze.

Yule mama hukutana nami mnadani. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo baba. Siku ile mlinisukuma kweli kweli. Mungu awabariki."

"Marahaba, mwanangu."

Kila mara nataka kumwambia habari za yale makoleo kivulini. Kila mara naishia kumuuliza alizeti zake zimeota vipi.