Nilisimama Nilipopaswa Kwenda Langoni

Kabla sijatenda kosa ninaloliungama hapa, na kosa ni langu peke yangu, hali ilikuwa hivi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili isiyo mbali na Bumula. Mdogo wangu, ambaye nitamwita Wafula ingawa si jina lake, aliacha shule akiwa bado mvulana, akaanza kuuza vitunguu sokoni Myanga. Mama yetu, ambaye sisi humwita Mayi, ana kisukari, na wakati huo alikuwa na kidonda mguuni kilichopaswa kusafishwa kila wiki katika hospitali ya misheni kule Lugulu. Pikipiki hakuiweza. Wafula alikuwa akimkodishia gari la jirani.

Nami nilikuwa nimetamani gari kwa miaka mingi. Kila likizo nilizunguka yadi za Bungoma na Kitale, nikifunua boneti, nikinusa, nikichungulia chini ya magari ambayo sikuwa na uwezo wa kuyanunua, kisha nikarudi nyumbani na suruali yenye vumbi. Karo ya watoto ilinitangulia kila mara. Niliyajua magari yaliyotumika kuliko wengi wanaoyamiliki, lakini langu mwenyewe sikuwa nalo.

Jioni moja Wafula alikuja kwa Mayi akitabasamu.

"Mwalimu, nimeuza wale ng'ombe. Si pesa mob, lakini gari ya kubeba Mayi na vitunguu itapatikana. Twende Kitale uniangalilie."

"Tafuta makanika," nikamjibu.

"Makanika ya nini na wewe uko? Si wewe ndio jicho?"

Mayi alicheka hadi akajipiga paja. "Mimi nakaa mbele! Wale wamama wa kanisa watanitambua!"

Ewe msomaji, wivu ulinikaba papo hapo! Mimi niliyemfundisha kushika kalamu! Hata siku niliyovaa joho la chuo kikuu, Mayi hakujipiga paja kwa ajili yangu.

Neno hilo, jicho, lina maana kwetu. Marehemu baba alipokwenda mnadani kununua ng'ombe, hakwenda peke yake, wala hakufungua kinywa mapema. Alimchukua mtu anayemwamini, na huyo ndiye aliyekuwa jicho. Jicho likiridhika, husimama pale pale, na mnunuzi huanza kuzungumza bei. Lisiporidhika, huondoka kimya kuelekea langoni, na mnunuzi hufuata bila kuuliza sababu mpaka wafike nyumbani, ili muuzaji asisome nia zao. Baba alinichagua mimi. Baada yake Wafula hakununua hata mbuzi bila mimi.

Kitale tulikwenda Jumamosi. Gari la kwanza lilikuwa Probox nyeupe, mali ya mkulima mmoja mzee ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Alilitumia kupeleka maziwa. Viti vilikuwa vimechakaa na mlango mmoja ulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Hiyo ni ng'ombe ilinikwaruzia," mzee alisema. "Kalachi nimebadilisha. Tairi za nyuma zimeisha, sitakudanganya. Liwashe tu, usikie."

Nililiwasha. Injini ilinguruma kwa utulivu wa paka aliyeshiba. Oili ilikuwa safi. Chini hapakuwa na tone. Lilikuwa ndilo gari ambalo ningelichagua mimi, lau ningekuwa na pesa!

Nikamwona Mayi moyoni, ameketi mbele, akiwapungia watu mkono. Nikamwona Wafula akisimamishwa kanisani, akipigiwa makofi. Nikafunga boneti taratibu, nikaenda langoni.

Wafula alinifuata bila neno. Mzee akabaki ameshika ufunguo, akishangaa.

La pili lilikuwa mjini, mikononi mwa dalali mwenye viatu vilivyochongoka. Lilikuwa la buluu na liling'aa kama sufuria mpya. "Hii ilikuwa ya mama mmoja wa benki," dalali alisema. "Ni ya kwenda kazi na kanisa tu, boss. Bana, hata mimi naihurumia kuiuza."

Rangi ilikuwa imepakwa juzi. Hata mpira wa mlango ulikuwa na matone yake. Nilifungua kifuniko cha oili. Kwa ndani kulikuwa na utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yakiingia kwenye oili. Injini hiyo ilikuwa inakufa, nami nilijua.

Nikarudisha kifuniko, nikapangusa vidole. Nikasimama pale pale.

Nyuma yangu nikamsikia Wafula akivuta pumzi kwa furaha. "Haya bwana," akamwambia dalali, "sasa tuongee."

Usiku alinikumbusha haki yake ya kuuliza. "Mwalimu, na ile nyeupe ilikuwa na nini?"

"Chesisi imepinda," nikasema.

"Ona! Mimi singejua. Asante sana."

Alinishukuru! Nililala vizuri usiku huo, Mungu anisamehe.

Majuma ya kwanza yalinitesa. Wafula aliombewa gari kanisani. Mayi alikaa mbele akiwa na kitambaa kipya kichwani, dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Vijana wa Myanga walimwita mdogo wangu mkubwa. Mimi wakaniita ndugu wa yule mwenye gari. Kila nilipolisikia likipanda kuja nyumbani, nilitega sikio nikingoja likohoe.

Likakohoa. Lilichemka njiani kuelekea Webuye, moshi mweupe ukafunika barabara. Fundi aliyeitwa akatikisa kichwa. Gari likaingia gereji, likatoka, likachemka tena, likarudi. Akiba ya vitunguu ikaliwa na vipuri. Watu wa soko wakacheka. "Wafula, leo umeivisha chai ya watu wangapi?"

Nami nilicheka, ndani kwa ndani.

Wafula hakunilaumu. "Mwalimu aliangalia vizuri," aliwaambia. "Ni mimi sijui kuendesha. Nimeiharibu." Laiti angenitukana!

Juma lile gari liliporudi gereji, Mayi hakwenda Lugulu. Wala lililofuata. Wafula hakuwa tena na pesa za kukodi, na Mayi hakutaka kusikia habari ya gari jingine. "Mtu ana mtoto mwenye gari, kisha aonekane akipanda ya watu? Ati wanicheke? Nitangoja ya Wafula itoke."

Mshahara wangu ulikuwa umeingia. Ningeweza kumkodishia gari na kumsihi apande. Sikufanya hivyo, kwa kuwa nilitaka aendelee kungoja, aone mwenyewe gari la kipenzi chake lilivyo. Hilo ndilo zito kuliko oili na chesisi. Nilikisikia kidonda kikinuka, nikangoja.

Alipofikishwa hospitalini, daktari alisema wamechelewa. Walimkata mguu chini ya goti.

Ewe unayeombwa kumtazamia mwenzako gari, jipime kwanza kabla hujaondoka nyumbani. Ikiwa huwezi kufurahi atakapolipata lililo jema, mwambie huna nafasi. Atatafuta mtu mwingine. Wivu haukuhitaji nimwage sumu wala nichome nyumba. Ulihitaji tu nisimame mahali fulani nikiwa nimenyamaza.

Mayi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Wafula alinipigia simu twende Bungoma tukamchagulie kiti cha magurudumu. Tuliingia katika duka la familia moja ya Kihindi. Mwenye duka alitutolea viti viwili. Mdogo wangu alisimama nyuma yangu, kimya, akiningoja. Hata hapo nilimwonea wivu, kwa kuwa na moyo unaoweza kungoja hivyo!

Sikuweza kusimama, wala sikuweza kwenda langoni. Nikageuka, nikamwambia yote.

Akauliza, "Ile oili uliiona?"

"Niliiona."

"Na ile nyeupe?"

"Haikuwa na kasoro."

Mwenye duka akajifanya anapanga chupa. Wafula akanipita, akainama, akazungusha gurudumu la kiti kimoja, kisha la kingine. Akauliza bei bila kuningoja.

Mayi hajaambiwa. Bado ananiombea macho yangu kila jioni. Mwezi huu Wafula amenunua ndama. Alikwenda mnadani peke yake.