Pilipili ya Ng'ambo

Jirani yetu Verlene Gittens alikwenda kutembea London siku tisa tu, akarudi Barbados na skafu shingoni, jua la saa saba likituchoma wote. Kila sentensi ilianza na "kule kwetu Uingereza", mpaka tukamkoma. Jumapili alimpelekea mama mkwe wake, Bi Oraline, zawadi ya chupa ya pilipili.

"Onja, mama. Wenzetu wanajua kutengeneza. Hizi za hapa ni maji matupu."

Bi Oraline alivaa miwani, akaigeuza chupa taratibu.

"Mbona kibandiko kimekaa upande?" akauliza. "Ahaa, hiki nilikibandika mimi, pale kiwandani kwetu, hapa hapa Barbados, mjini Oistins, wiki ile mgongo uliponishika. Pole kwa kunibebea mzigo, mwanangu."