Kitanda cha Watu Wanne

Harufu ya mninga uliopigwa randa ikinifikia, hata leo dukani, mkono wangu huenda wenyewe uvunguni mwa kitanda.

Ndivyo alivyofanya mama kwa seremala wa Newala. Baba alikuwa hoi nyumbani Makote, na tulikuwa na gunia moja tu la korosho la kulipia. Fundi alitusifia kitanda chekundu kinachong'aa, eti kama cha Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Mama akakiinamia, akakwangua chini yake kwa ukucha, akanusa.

"Rangi ni nguo tu, fundi. Ndani ni msufi, chakula cha mchwa."

Akachagua cha mninga kisichopakwa kitu, miguu imechomekwa bila msumari hata mmoja. Akakiinua pembe moja, kisha akauliza polepole, "Watu wanne watakibeba bila kuyumba?"

Fundi akaweka randa chini. "Watakibeba, mama. Pole sana."

Mimi sikujua bado kuwa kwetu watu wanne hubeba kitanda kwenda makaburini; nilidhani ni cha nyumba mpya, nikafurahi njia nzima. Kitanda kilipofika tu nyumbani, nikakimbilia kwa baba.

"Baba, tunahama!"

Alinyoosha mkono, akaupapasa ule ubao taratibu, mpaka kwenye kiungo.

"Mama yako anajua kuchagua, binti yangu."