Jembe Lililoningoja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua ilikuwa imeshafika mlimani kwetu na nyumba nzima imekaa kuuzunguka moto, mikono mapajani, ilhali kazi imejaa nje. Haukuwa uvivu. Tulikuwa tunamngoja babu.

Kwetu ni juu ya Bukavu, upande wa Walungu, mahali ambapo asubuhi wingu huingia ndani bila kupiga hodi, na kuni hutoa moshi muda mrefu kabla hazijakubali kuwaka. Huku Brussels, mwezi wa tatu ukifika, wanasema printemps imekuja, baridi imekwisha. Jua likichungulia kidogo tu, watu wanajaa pale uwanjani Flagey na bia zao, wamefumba macho kama mijusi ukutani. Siwacheki, maana baridi ya huku nami nimeila miaka mingi. Kwetu hakuna printemps, lakini majira hayohayo ndiyo ya mvua ya pili, mvua ya maharage. Wanawake wanang'oa magugu ya sangari, watoto wanazibua mifereji, mbuzi wanafungwa karibu na nyumba wasije wakaharibu miche, na ukisimama uani unasikia majembe ya mlima wa ng'ambo yakigonga mawe. Kwa mlio huo unajua ni nani ameanza na ni nani bado.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Hakuna aliyepiga jembe la kwanza kabla ya mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye aliyechimba kishimo kando ya migomba, akatia mbegu, akawataja waliotangulia kwa maneno machache, basi, msimu umefunguliwa, na kila mtu anashika jembe lake. Aliyetangulia kupanda alihesabiwa kuwa amemzika mkubwa wake akiwa hai, na hilo halikuwa jambo la mzaha. Mbegu zenyewe hazikutoka sokoni. Bibi, mama mzaa baba, alizitunza ndani ya kibuyu juu ya moshi wa jiko, nyekundu, nyeusi, za njano, zenye madoa, zote pamoja, kama alivyozikuta kwa mama mkwe wake, naye mama mkwe alivyozikuta kwa wake.

Mwaka huo babu alipooza upande mmoja. Tukasema tungoje apate nafuu. Ng'ambo majembe yalilia, kisha yakanyamaza, kisha maharage ya wenzetu yakaanza kuchungulia juu ya udongo. Sisi tunaota moto.

Nilikuwa kijana niliyebalehe juzi, na mimi ndiye niliyebeba jembe nyuma ya babu kila msimu. Kazi ndogo, lakini iliniingia kichwani, nikajiona afisa wa serikali. Kwa hiyo bibi alipolishusha jembe kutoka darini na kuelekea chumbani kwa babu, nilijua anachotaka kufanya, nikasimama mlangoni na kumziba njia.

"Bibi, unataka kumuzika babu naye eko muzima?"

Bibi hakuwa mwanamke wa kelele. Alinitazama tu, jembe begani.

"Toka ku mulango," akasema. "Weye unachunga mukono ya babu yako. Miye nachunga tumbo ya batoto bake. Mvua haijue mukubwa wa nyumba ni nani."

Nikatoka. Akaketi kitandani, akauchukua mkono wa babu uliokufa ganzi, akauzungusha kwenye mpini na kuufunika kwa mkono wake mwenyewe. Babu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na kwa hilo nilimchukia bibi siku ile. Kisha, kwa mdomo uliopinda, babu akayatamka yale maneno, nusu yake hayasikiki. Bibi akatoka na jembe, akampa mama yangu, akamwambia nenda ukapande. Mpaka jioni udongo wote wa nyuma ya nyumba ulikuwa umegeuzwa.

Babu hakufika mavuno. Alionja majani ya kwanza ya maharage yale, akayasifu, na yalipokuwa yanatoa maua akatuaga. Lakini yalipokomaa ndiyo yaliyopikwa siku ya kumaliza matanga yake, na watu waliopanda mlima kuja kutupa pole wakala wakashiba. Bibi ndiye aliyenipakulia. Alinijazia tu sahani mpaka mchuzi ukamwagika.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Mimi niliijua maana yake kabla ndevu hazijaniota. Ndiyo sababu haya ninayokueleza sasa yananichoma.

Vita vikatuleta huku. Safari hiyo umeshaisikia kwa wazazi wako tuliokuja nao, sitakuchosha nayo. Nilisafisha ofisi za kule Schuman mpaka magoti yakagoma. Kaka yangu alibaki mlimani na mke wake, Mama Furaha, na kaka ndiye aliyekuwa akifungua msimu. Alipofariki, ukubwa ukanifuata huku Brussels, mtaani Ixelles, ukapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Ukubwa ni jaa, wanasema, kila taka hutupwa hapo. Lakini mimi, nikuambie kweli, niliufurahia. Mtu ambaye mchana kutwa anapitwa na watu wasiomtazama usoni, kumbe kuna mlima mzima unaomngoja.

Mvua ilipofika, Mama Furaha alinitumia sauti kwenye simu. Nyuma ya maneno yake nilisikia kuku, na mbali kidogo, majembe.

"Papa Bahati, mvua ilisha fika. Batu bote beko nalima. Tufanye je?"

"Mungoje," nikamjibu. "Niko nakuja. Bon, nipeni tu wiki kidogo."

Na nilikusudia kwenda. Nilinunua sanduku la magurudumu pale Chaussée de Wavre, nikaliacha wazi katikati ya sebule, kila siku naongeza kitu. Kisha goti likavimba na daktari akanikataza ndege. Nikasema likipungua kidogo nitakwenda. Siku zikayoyoma. Mama Furaha akatuma sauti nyingine, na hiyo, mwanangu, naisikia mpaka leo nikiwa nakunywa chai.

"Papa Bahati, miye nilifikiri. Naweza kuweka telefone pembeni ya jembe. Weye unasema yale maneno, alors miye napanda. Donc unakuwa umefungua."

Mama Furaha aliolewa kwetu bibi akiwa ameshazikwa. Hakuna aliyemsimulia habari ya kitanda kile. Na bado alifika palepale alipofika bibi, kwa akili yake tu na kwa njaa aliyoiona inakuja. Nami, mzee mzima, nikasimama tena mlangoni.

"Jembe hailimwe ku telefone," nikamwambia. "Ama unataka kunizika? Mungoje."

Rafiki zangu walinionya. Niliwajibu kwamba mwacha asili ni mtumwa, wakaniacha, maana methali ikitoka kinywani mwa mwenye mvi nani ataibishia. Lakini sikuwa naitetea asili yoyote. Niliogopa. Nilijua kwamba siku nitakapoyatamka maneno yale kwenye simu, nitakuwa nimekubali kuwa sirudi tena. Wakiningoja, bado nina kwetu. Wakipanda bila mimi, mimi ni mzee tu wa Ixelles anayeshuka ngazi na mfuko wa takataka. Kwa hiyo niliwafunga watu wa nyumba yangu kwenye woga wangu, nikauita heshima, na wao kwa adabu yao wakaniheshimu.

Mvua ikapita. Sikwenda. Msimu uliofuata ukafika na simu haikulia. Nilivumilia, kisha nikapiga mwenyewe, nimesimama pale Flagey kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha.

"Mama Furaha, nafungua," nikamwambia hata kabla ya salamu. "Weka telefone pembeni ya jembe. Nayasema sasa hivi."



"Papa Bahati," akasema, "mbegu tulishakula."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningemshukuru. Alinieleza polepole kwamba shamba lilipolala, njaa ilikuja kama ilivyo kawaida yake, wakawa wanachota kibuyuni kidogo kidogo, wakijiambia watabakiza, mpaka siku moja mkono ukagusa chini. Ndipo akafunga nyumba na kushuka Bukavu kwa binti yake Furaha. Sasa anauza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara. Kisha, kwa ule ustaarabu wa watu wa mlimani, akaniuliza habari za kwangu.

"Na kule kwenu, mvua iko nanyesha?"

Nikamwambia ndiyo, inanyesha.

Usiniambie mbegu zinauzwa. Zile hazikuwahi kuuzwa popote, na aliyejua mlima ule unataka nini ana mikono myeusi ya makala mjini. Vita vilipita kwetu mara nyingi, na kila vilipopita watu walirudi wakalima. Shamba lile halikumalizwa na vita. Nililimaliza mimi, nimekaa kitini nikiota joto la chauffage ukutani, sijaumwa na njaa hata siku moja.

Majuto ni mjukuu, naye wa kwangu amekuja kuishi nami moja kwa moja. Printemps ikifika sitoki sana. Sanduku lile nimelisukuma chini ya kitanda, natunzia mablanketi. Simu iko mezani, wala hakuna anayeniuliza afanye nini. Nilitaka kungojewa, na sasa hakuna mtu popote duniani anayeningoja. Watu wa kanisani wananiambia, papa, Mungu atatengeneza. Huenda. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na sitakudanganya kwamba nimeona njia ya kuyazoa.

Basi sikia, mwanangu, nikuachie nilichobaki nacho. Siku moja nawe utakuwa mkubwa wa watu. Watakungoja kwa jambo fulani, ndoa, nyumba, shamba, kaburi la kujengewa. Ukiwa mbali, lifungue kwa mdomo wako upesi, usione aibu ya simu. Mdomo ukishindwa, mpe jembe yule aliye shambani, hata kama ni mkamwana, hata kama atayakosea maneno. Kupenda kwenu si kuwazuia waliobaki wasile mpaka urudi. Na ukiwa wewe ndiye unayengoja, mngoje mzee wako kwa adabu, lakini jicho lako liwe kwenye mvua. Ikianza kupungua, panda. Mzee ananuna, lakini mzee aliyenuna hula pia.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Akupe udongo unaokubali, na mkono unaojua kuachia. Babu na bibi na kaka yangu wakutangulie kila uendako. Na kama kuna jambo lolote la maisha yako uliloliweka kando, ukisema kwanza mzee alifungue, mimi nimelifungua leo, kwa kinywa changu, nikiwa na akili zangu timamu. Shika jembe, mwanangu. Usiningoje.